Mtetea Wako Ameanza Kuwika: La Kufanya Kabla ya Kushika Kisu

Kuku jike akiwika, wengi wetu tulilelewa na neno moja tu: mkosi. Achinjwe leo, asilale. Mtu anayefuga kuku wanne nyuma ya nyumba jijini Nairobi, kule Kasarani au Dagoretti, anayewajua mmoja mmoja kwa jina, hushtuka asubuhi kusikia sauti ya kukwaruza ikitoka bandani, humpigia mama simu, na jibu la mama ni kisu. Mwongozo huu nimeuandika ili huyo kuku apate nafasi. Anachokifanya kina sababu, sababu yenyewe inachunguzika, na mara nyingine ndiyo dalili ya kwanza kwamba anaumwa.

Kisu hiki si cha kwetu peke yetu. Mwaka 1474 kule Basel, Uswisi, jogoo alishtakiwa kwa kutaga yai, akahukumiwa na kuchomwa moto hadharani. Kwa tunayoyajua leo, yaelekea yule alikuwa mtetea aliyebadilika umbo.

Elewa kwanza kinachotokea ndani

Usiruke sehemu hii. Hatua zote zinazofuata zinaitegemea.

Kifaranga jike akiwa ndani ya yai huanza na ovari mbili changa, ya kulia na ya kushoto. Ya kushoto hukua na ndiyo itakayotoa mayai maisha yake yote. Ya kulia hudumaa ikabaki kipande kidogo kisicho na kazi. Ovari ya kushoto hutoa pia homoni ya estrojeni, na homoni hiyo ndiyo inayomvika mtetea manyoya ya kitetea.

Hapo ndipo wengi huelewa vibaya. Tunadhani manyoya marefu ya jogoo, yale yanayong'aa shingoni na mkiani, yameletwa na homoni za kiume. Sivyo. Kuku akikosa estrojeni, awe dume au jike, huota manyoya ya kijogoo. Ndiyo sababu jogoo aliyehasiwa hubaki na mkia wake mzuri ingawa upanga wake, ile nyama nyekundu ya kichwani, hunywea na hamu ya kuwika humwisha. Mwaka 1849 mtafiti Mjerumani Arnold Berthold alionyesha jambo hilo pale Göttingen. Aliwatoa majogoo wachanga korodani, na panga zao zikabaki ndogo. Wale aliowapandikizia korodani tena tumboni walikua majogoo kamili, wakawika na kupigana.

Kwa hiyo kuna makundi mawili ya dalili, na usiyachanganye. Upanga kukua, ndevu nyekundu za chini ya mdomo kurefuka, kuwika, kuwapanda wenzake: hayo hufuata homoni za kiume. Manyoya yenye ncha na kipi, ule mwiba wa mguuni, hufuata kukosekana kwa estrojeni. Mtetea anayewika akiwa na manyoya yake ya kawaida yuko katika hali moja. Mtetea anayewika na kuota manyoya mapya ya kijogoo yuko katika hali nyingine, nzito zaidi.

Ovari ya kushoto ikiharibika, iwe kwa uvimbe wa maji, saratani, maambukizi au uzee, estrojeni hushuka. Kile kipande cha kulia nacho huweza kuamka. Kikiamka hakigeuki ovari. Hukua kuelekea kuwa korodani, au mchanganyiko wa vyote viwili, kikaanza kutoa homoni za kiume. Kuku wako ni yuleyule, ila mwili wake umepokea maagizo mapya.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli alikuwa mtetea

Swali ni moja: umewahi kumwona akitaga? Si kukuta yai kiotani, maana yai halina jina. Umemwona yeye mwenyewe ameketi, akainuka, yai likabaki?

Kama jibu ni hapana, na kuku ana umri chini ya miezi sita au saba, basi karibu kila mara huyo ni jogoo tangu mwanzo. Ukinunua tembe, yaani kuku jike ambaye hajaanza kutaga, soko la Kariokor au kwa mchuuzi wa kando ya barabara, uko katika bahati nasibu, kwa sababu vifaranga wa kienyeji hawatambuliki kwa urahisi. Muuzaji mwenyewe huenda hajui.

Mshike umtazame manyoya ya shingoni na yale ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Ya mtetea yana ncha ya mviringo. Ya jogoo ni membamba, marefu, yamechongoka kama jani la mua, na huning'inia pande mbili za mkia. Kwa kuku wengi tofauti hii huanza kuonekana kati ya wiki ya 12 na ya 16. Kipi usikitegemee sana, kwani watetea wengi wa kienyeji wenye umri mkubwa huota vipi wakiwa wazima kabisa na wakiendelea kutaga. Upanga mkubwa mwekundu nao, kwa mtetea anayetaga vizuri, ni dalili ya afya.

Ukigundua ni jogoo, sehemu unayohitaji ni ile ya majirani, mbele huko.

Hatua ya 2: Tazama kundi lote

Hesabu kuku ulionao na ukumbuke kilichobadilika. Jogoo alichinjwa Krismasi? Aliibwa? Au hujawahi kuwa na jogoo? Kundi la watetea watupu huwa na kiongozi, na mara nyingine kiongozi huyo hujitwika kazi ya jogoo: husimama juu ya kitu akachungulia angani, huwaita wenzake kwenye chakula, huwapanda, na siku moja huwika. Sauti yake mara nyingi ni fupi, ya kukatika njiani. Ovari yake haina tatizo na huendelea kutaga.

Basi swali linakuwa: bado anataga? Kama unao wengi na mayai yanafanana, ipo njia rahisi. Jioni akiwa ametulia, mpake rangi ya chakula, au rangi ya mdomo, pembezoni mwa tundu la kutagia. Yai lake litatoka na mistari ya rangi. Rudia kwa siku kadhaa. Njia nyingine ni kumtenga mchana kwenye kizimba chake mwenyewe mahali anapowaona wenzake, maana kuku aliyefichwa peke yake huhangaika na anaweza kuacha kutaga kwa woga tu.

Anayewika, anataga, na manyoya yake hayajabadilika, mwache. Hana ugonjwa. Akiletwa jogoo mzima mara nyingi huacha mwenyewe, lakini sikushauri ulete jogoo katika ploti ya Nairobi ili kunyamazisha mtetea mmoja.

Hatua ya 3: Kama ameacha kutaga, ondoa sababu za kawaida kwanza

Kuku huacha kutaga kwa mambo mengi yasiyohusu ujogoo hata kidogo. Ananyonyoka manyoya, na hilo huweza kumchukua miezi miwili au mitatu. Analalia. Ana utitiri, wale wadudu wekundu wanaojificha kwenye nyufa za banda mchana na kumnyonya damu usiku. Pita na tochi usiku chini ya vijiti vya kulalia uone. Anatagia kichakani. Amehamishwa. Mbwa wa jirani anamtisha.

Miongozo mingi kutoka Ulaya itakuambia kuku huacha kutaga majira ya baridi kwa sababu siku zimekuwa fupi. Nairobi tuko karibu mno na ikweta kwa hilo. Mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Mtetea wako akinyamaza Julai, tafuta sababu nyingine: baridi inayomfanya ale chakula kujipasha joto, banda lenye unyevu, au mahindi yaliyoshika ukungu. Hili la mahindi nalisisitiza. Ukungu hutoa sumu ya aflatoksini inayoharibu ini la kuku na kupunguza mayai, na ugali ulioota ukungu au mahindi yanayonuka hayawi salama kwa kupewa kuku. Yatupe.

Hatua ya 4: Mpime kwa mikono

Fanya usiku, taa ikiwa hafifu, mtu mmoja akimshika mabawa yakiwa yamebanwa taratibu. Huhitaji kifaa chochote ila tochi na mizani ya jikoni.

Anza na tundu la kutagia. La mtetea anayetaga ni pana, lenye unyevu, lililopauka. La asiyetaga ni dogo, kavu, limejikunja. Kisha papasa mifupa miwili inayochomoza pande zake. Kwa anayetaga, vidole viwili au vitatu hupita katikati. Kwa aliyeacha, hata kimoja hubanwa.

Kama ni wa miguu ya njano, itazame. Kuku anapotaga, rangi ya njano huenda kwenye viini vya mayai na miguu hupauka. Akiacha kwa muda mrefu, njano hurudi, ikianzia kwenye tundu la kutagia na kuishia miguuni. Miguu iliyoiva njano kwa kuku aliyekuwa mtagaji hodari inakuambia hajataga kwa wiki nyingi, hata kama watoto wanasema waliona yai lake juzi.

Sasa tumbo. Weka kiganja chini, kati ya miguu. Liwe laini. Likiwa limevimba kama puto la maji, au gumu, na kuku anatembea wima akitanua miguu, acha kusoma umpeleke kwa daktari. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kifua pia: ukichomoza mkali bila nyama pembeni, amekonda. Mpime uzito uandike, kisha rudia kila wiki. Uzito unaoshuka huonekana kwenye mizani muda mrefu kabla ya kuonekana kwa macho, kwa sababu manyoya huficha.

Mwisho tafuta unyoya mpya. Unyoya ukishakomaa ni kitu kilichokufa, haubadiliki umbo hata homoni zibadilike vipi. Kwa hiyo kuku anaweza kuwika kwa miezi akiwa na vazi lake la zamani, kisha akinyonyoka anaota vazi la kijogoo ghafla, na mwenye kuku anadhani amebadilika wiki ile. Kama kuna pahali amepoteza unyoya shingoni au kiunoni, tazama unaoota hapo. Ukija na ncha iliyochongoka, estrojeni imekwisha au imepungua sana. Usimng'oe manyoya makusudi ili kujaribu. Anaumia.

Mpige picha kwa simu, ubavuni na usoni, mahali palepale kila wiki mbili. Daktari atakushukuru.

Hatua ya 5: Lini umwone daktari

Mtetea aliyewahi kutaga, akaacha, upanga ukakua, akawika, na manyoya mapya yakawa ya kijogoo: huyo ovari yake imeguswa na kitu, hata kama anakula na kukimbia. Panga kumwona daktari. Tumbo lililovimba, kukonda, upanga wa zambarau, kupumua mdomo wazi au kulemaa mguu mmoja ni dharura, mpeleke siku hiyohiyo.

Umri unasaidia kukisia. Kwa mtetea aliyepita miaka miwili au mitatu, hasa wale wa mayai walionunuliwa bei nafuu shamba linapobadilisha kundi, uvimbe na saratani ya ovari hutokea sana. Kuku wa mayai ameumbwa kutaga karibu kila siku, na kazi hiyo huichosha ovari. Wanasayansi huwatumia watetea kuchunguza saratani ya ovari ya binadamu kwa sababu hiyo. Kwa kuku mdogo zaidi, daktari atafikiria ugonjwa wa Marek, ambao huleta uvimbe kwenye ovari na neva, na chanjo yake hutolewa kifaranga akiwa na umri wa siku moja. Atafikiria pia aina za bakteria wa salmonela zinazokaa kwenye ovari. Ndiyo maana muulize aliyekuuzia kama walichanjwa.

Hakikisha anayekuja amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kijana wa agroveti, duka la dawa za mifugo, anaweza kuwa na moyo mzuri, lakini kumuuzia mtu unga wa antibiotiki bila kumwona kuku hakutibu ovari. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo chake cha udaktari wa mifugo Upper Kabete, na maabara kuu ya serikali ya mifugo ipo Kabete pia. Ukiwa Kangemi au Uthiru hapo ni karibu. Nenda na daftari lako: tarehe ya yai la mwisho, uzito wa kila wiki, picha, chakula anachokula, chanjo. Muulize maswali matatu: tumbo lina maji au uvimbe? kuna maambukizi yanayotibika? ana maumivu?

Na tafadhali usimpe vidonge vya kupanga uzazi vya binadamu. Kuna watu wanaowapa kuku dawa za binadamu, wengine wakidhani homoni ni homoni. Hujui kipimo, hujui ovari ina nini, na mabaki yake huingia kwenye mayai na nyama watakayokula watoto.

Hatua ya 6: Kuishi naye

Wengi wa kuku hawa, wakiwa hawana uvimbe unaokua, huishi vizuri. Mabadiliko machache yanatosha.

Badilisha chakula. Chakula cha kuku wa mayai kina kalisi nyingi, kama asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya maganda. Asiyetaga hana pa kuipeleka, na figo zake hubeba mzigo. Wape wote chakula cha kuku wanaokua, chenye kalisi kama asilimia 1, kisha weka maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye bakuli la pembeni. Wanaotaga watayafuata wenyewe. Yeye atayaacha.

Zuia vita. Kama una jogoo, usimwache naye bila kuangalia siku za mwanzo, anaweza kumpokea kama mpinzani. Weka vyombo viwili vya chakula, viwili vya maji, mbali kiasi kwamba mmoja hawezi kuvilinda vyote. Akiwapanda wenzake mpaka migongo inatoka manyoya, mtenge mchana kwa siku chache. Kipi kikirefuka na kuwa kikali, sugua ncha kwa tupa. Usikikate chini: ndani kuna mfupa na damu.

Kelele ndiyo kesi ngumu ya Nairobi, kwani kuta zetu zinagusana. Funga banda liwe na giza kamili hadi muda ambao majirani wameamka, ukiacha matundu ya hewa chini ya paa upande usiotazama nyumba ya mtu. Nenda kwa jirani kabla yeye hajaja kwako, umweleze, umpe na mayai ya wenzake. Anayejua kwamba ni kuku mgonjwa unayemtunza humvumilia kuliko asiyejua. Sheria ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu kilimo cha mjini inatambua ufugaji ndani ya jiji, lakini inaudhibiti pia, na kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinampa jirani haki ya kulalamika. Mwenye ploti naye ana masharti yake. Yasome kabla.

Hatua ya 7: Usitarajie vifaranga, wala usikate tamaa ya mayai

Kwa vinasaba huyu bado ni jike. Jogoo ana kromosomu ZZ, mtetea ana ZW, na kuwika hakubadilishi hilo. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Roslin huko Scotland walionyesha kwamba chembe za mwili wa kuku hubeba jinsia yake zenyewe, na kwa sehemu kubwa hazingoji homoni kuamua. Basi mayai ya wenzake aliowapanda hayataanguliwa. Kisa mashuhuri kinachokwenda kinyume ni kile mtafiti F. A. E. Crew alichokiandika Edinburgh mwaka 1923, cha mtetea aliyewahi kutaga kisha akawa baba wa vifaranga. Ni nadra mno. Usimtegemee kupata mbegu.

Upande wa pili, wapo wanaorudi. Kama chanzo kilikuwa maambukizi yaliyopona au uvimbe wa maji uliokauka, ovari inaweza kuanza kazi tena, manyoya yakarudi ya mviringo katika kunyonyoka kunakofuata, na akataga. Mpe angalau msimu mmoja wa kubadilisha manyoya kabla hujaamua lolote juu ya mayai yake.

Na suala la kitoweo, kwa sababu mtu wa nyumbani atauliza: kuwika kwenyewe hakuharibu nyama wala mayai. Kilichosababisha ndicho cha kuogopa. Kuku mwenye uvimbe, maji tumboni, au anayetumia dawa haliwi.

Hatua ya 8: Akifa

Jibu la uhakika hupatikana tumboni, na hapo ndipo utajua kama wenzake wako hatarini. Ukimkuta amekufa, mlowanishe manyoya kwa maji yenye sabuni ili apoe haraka, mfunge kwenye mifuko miwili, mweke kwenye friji bila kumgandisha, mbali na chakula, na umfikishe maabara Kabete ndani ya saa 24. Kuganda huharibu tishu. Waombe waangalie ovari ya kushoto na kile kipande cha kulia, ini, na neva za miguu. Ikitajwa Marek au salmonela, safisha banda lote, usilete vifaranga wapya bila chanjo, na uwaulize juu ya mayai ya waliobaki kabla hujayapika.